UZI: Kukusanya viwanja vijijini. Mechi ipo kweli? Unafikaje, unasimama wapi, unaandika nini?

Mtambaa_Panya (#1)

Wakuu, heshima kwenu.

Kiwanja kikubwa hakina siri: tiketi ina namba ya kiti, geti lina herufi, stesheni ipo jirani. Klabu ya kijijini haina hata kimoja kati ya hivyo, na huko ndiko wakusanya viwanja wengi wanakopoteza siku nzima. Uzi huu ni wa mambo ya kazi tu. Simulizi za safari zina jukwaa lake.

Kwa mgeni wa jambo hili: kukusanya viwanja ni kutazama mechi kwenye viwanja vingi tofauti kadiri unavyoweza na kuviwekea hesabu. Uingereza wana 92 Club tangu 1978, ya watu waliomaliza viwanja vya timu zote 92 za madaraja manne ya juu. Ukishamaliza 92 unateremka chini, na chini hakuna sakafu. Kila kijiji chenye magoli mawili ni kiwanja.

Naanza na kuhakikisha mechi ipo, maana hapo ndipo pana kilio.

Ratiba ya mtandaoni ichukulie kama tetesi. Siku 7 kabla, fungua kurasa tatu: ya ligi, ya mwenyeji na ya timu ngeni. Zikipishana, mwamini mgeni. Mgeni ndiye aliyekodi gari, kwa hiyo ndiye mwenye sababu ya kujua saa halisi. Mwenyeji anaweza kukaa wiki nzima na tangazo la zamani kwa sababu wachezaji wake wote wanaishi ndani ya dakika kumi na wanapeana habari kwa mdomo.

Siku 2 kabla, mwandikie katibu wa klabu. Salamu fupi, kisha maswali matatu: mechi ipo? saa ngapi? kiwanja kipi? Hilo la tatu watu hulisahau, na ndilo linaloua. Klabu nyingi ndogo zina kiwanja kikuu na cha pembeni, na timu ya pili au ya vijana huwa na jina lile lile kwenye ratiba.

Asubuhi ya mechi, uliza tena kabla hujatoka. Ukaguzi wa kiwanja hufanyika saa chache kabla ya mpira kuanza, si jana yake.

---

Dakika_ya_89 (#2)

Mkuu umefungua vizuri. Naongeza mtego wa saa. Ratiba nyingi huandika 15:00, nayo ni saa 9 alasiri. Toa 6, basi. Balaa linakuja pale tovuti inapogeuza saa ifuate saa ya simu yako. Ukitazama ratiba ya nchi nyingine ukiwa nyumbani, unaona 17:00 huku kijijini wanaanza 15:00. Ukifika huko simu inajirekebisha yenyewe na wewe umeshapanga basi la saa nyingine. Andika saa ya huko kwenye karatasi, na pembeni andika "saa ya huko".

Jingine: kiwanja kisicho na taa. Siku zikiwa fupi, mpira unaletwa mbele hadi saa 8 au hata saa 7 mchana. Mechi ya kombe ndiyo huletwa mbele zaidi, kwa sababu wanapiga hesabu ya dakika 30 za nyongeza na penalti kabla giza halijaingia.

---

Chokaa_Mbichi (#3)

Nieleze kwa nini mechi za chini hufa, maana ukijua sababu unajua cha kuangalia.

Maji ndiyo sababu ya kwanza. Mwamuzi anaingia na mpira, anaudondosha sehemu tano au sita: mbele ya magoli yote mawili, katikati, na kwenye pembe ya chini ya mteremko. Mpira ukinata badala ya kudunda, au ukiviringishwa ukasimama ghafla kwenye dimbwi, mechi hakuna. Ardhi ya mfinyanzi hushika maji siku mbili tatu baada ya mvua kukatika, ya kichanga hukauka siku hiyo hiyo. Kwa hiyo usiangalie mvua ya leo peke yake, angalia ya siku tatu zilizopita. Ukiona kwenye ramani kiwanja kiko kando ya mto na nyumba zote zimejengwa mahali pa juu zaidi, wenyeji wamekwishakujibu: hapo chini hujaa maji.

Baridi kali nayo: ardhi iliyoganda inakataliwa hata kama juu ni kavu na jua linawaka, kwa sababu mchezaji akianguka ni kama ameanguka kwenye saruji. Ukungu: mwamuzi anasimama katikati anaangalia kama magoli yote mawili yanaonekana.

Halafu kuna watu. Sheria inataka kila timu iwe na wachezaji wasiopungua 7. Timu ya kijijini ikiwa na harusi, mavuno na majeruhi wiki moja, wanabaki sita na mechi inakwenda na maji bila tone la mvua. Hii hutangazwa usiku wa kuamkia mechi au asubuhi yake, ndiyo maana mwenye uzi anasema uliza tena kabla hujatoka.

Uwe na mechi ya akiba. Itafute ndani ya dakika 40 za ile ya kwanza, na ikiwezekana kwenye nyasi bandia, kwani hiyo haifi kwa maji kirahisi.

---

Bi_Kipenga (#4)

@Chokaa_Mbichi umemaliza. Mimi nije kwenye kufika.

Alama ya ramani ya klabu ndogo huwa imekaa kwenye mambo matatu: anwani ya katibu (yaani nyumbani kwake!), katikati ya kijiji, au kiwanja cha zamani. Usiifuate bila kuthibitisha. Fungua picha ya setilaiti utafute mistatili ya kijani yenye mistari. Vikiwa viwili, kile chenye banda, uzio au kivuli cha nguzo za taa ndicho kikuu kwa kawaida. Kivuli cha nguzo kinaonekana kuliko nguzo yenyewe, kitafute hicho. Pakua ramani ya eneo kabla ya kuondoka maana mtandao unaweza kukuacha mita 500 kabla ya geti.

Kama unatumia usafiri wa umma, anza hesabu kutoka mwisho kurudi nyuma. Basi la mwisho linaondoka saa ngapi? Toa muda wa kutembea, toa dakika 30 za ziada. Mechi yenyewe ni 45 + mapumziko yasiyozidi 15 + 45, weka na dakika 5 hadi 8 za kufidia muda uliopotea, inakuwa kama saa 1 na dakika 55. Ongeza 15 za kuchelewa kuanza. Timu ngeni ikipotea njia, au wavu ukiwa na tundu, zinatumika zote. Kombe: ongeza dakika 50 kwa nyongeza na penalti. Hesabu ikikataa, chagua mechi ya ligi. Na ratiba ya basi ya Jumapili si ya Jumamosi, watu wanaisoma safu isiyo yao kila wiki.

Gari: usiegeshe mbele ya geti pana. Ni njia ya gari la wagonjwa, na mechi inaweza kusimamishwa mpaka uliondoe.

---

Mgeni_Njoo (#5)

Asanteni wakuu. Nikishafika je? Kiingilio, kukaa, kupiga picha? Naogopa kuonekana kituko.

---

Mtambaa_Panya (#6)

@Mgeni_Njoo utaonekana tu ndugu yangu, mahali penye watu 40 wanaojuana sura mpya haijifichi. Si vibaya. Ukiulizwa umetoka wapi, sema wazi kwamba unakusanya viwanja. Klabu nyingi zinawajua watu wa namna hii. Wasichokipenda ni mtu anayeandikaandika kimya kimya pembeni, wanadhani ni mpelelezi wa timu pinzani au mtu wa ligi aliyekuja kukagua.

Pesa: beba taslimu, noti ndogo na sarafu. Mlangoni anaweza kuwapo mzee mmoja na ndoo, hana chenji, na kile kimashine cha kadi kinategemea mtandao ambao Bi_Kipenga ameshasema haupo. Pasipo kiingilio, weka mchango. Kama wanauza pini au jarida la mechi, nunua mapema. Nakala huchapwa chache na zikiisha zimeisha.

Kusimama: kuna kamba au bomba pembeni? Kaa nyuma yake. Hakuna? Rudi nyuma ya mstari mita 2 au zaidi, kwa sababu mshika kibendera anakimbia pale huku macho yake yakiwa uwanjani, hatakuona. Usikae jirani na mabenchi. Upande usio na mabenchi una watu wachache na unaona vizuri zaidi. Angalia jua la alasiri liko wapi, lipe mgongo.

Nyuma ya goli ni pazuri kwa picha, ila jua kwamba umejiajiri: mpira ukitoka wewe ndiye wa kuufuata. Klabu ina mipira miwili mitatu tu ya mechi, mmoja ukiingia kwenye miiba mchezo unasimama. Urudishe kwa mkono au usukume taratibu kwa kipa. Usijaribu kuupiga kwa ufundi. Ukikosea unaurudisha miibani.

---

Kona_Kavu (#7)

Picha. Fika dakika 45 kabla upige kiwanja kikiwa kitupu: kutoka pembe moja kwenda pembe ya mkabala, kila goli, mabenchi, banda, kibao chenye jina la klabu. Mechi ikianza utazuiwa na migongo ya watu. Flashi izime kabisa. Watoto usiwapige picha bila ruhusa ya mzazi, na hata ukiruhusiwa usizitundike mtandaoni. Mechi ya watoto? Muulize kocha kwanza, kabla kamera haijatoka kwenye begi.

Na usipige goti kwenye mstari uliochorwa kwa chokaa. Chokaa ikikutana na suruali mbichi inachoma ngozi taratibu, husikii mpaka jioni. Viwanja vingi sasa vinatumia rangi lakini kwa macho huwezi kutofautisha, kwa hiyo iogope yote.

---

Chokaa_Mbichi (#8)

Jina langu limetajwa vibaya hapo 😂

Ngoja niseme kinachonifanya nipende viwanja vidogo, nacho ni vipimo. Sheria inaruhusu urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90. Yaani viwanja viwili halali, kimoja kikiwa na upana mara mbili ya kingine. Lakini eneo la penalti HALIPUNGUI. Goli ni mita 7.32, ongeza 16.5 kila upande, unapata 40.32. Likate kwenye kiwanja cha mita 45: kila upande inabaki mita 2.34 tu kati ya eneo la penalti na mstari wa pembeni. Hapo winga hana pa kuitwa winga. Kutoka mstarini hadi katikati ya goli ni mita 22.5, mwenye mikono mizuri anarusha mpira mpaka kichwani mwa mshambuliaji, kila mpira wa kurusha unakuwa kona. Ukiona timu ya kijijini inarusha mpira mrefu mechi nzima usiseme hawajui mpira. Wanakijua kiwanja chao.

Kukipima bila kuingia ndani: pita nyuma ya mstari wa goli kabla ya mechi. Anza pale mstari mmoja wa eneo la penalti unapokutana na mstari wa goli, hesabu hatua mpaka mstari wa pili. Hiyo ni 40.32, haibadiliki. Ukitumia hatua 54, hatua yako ni sentimita 75. Sasa tembea kibendera hadi kibendera kwa mwendo ule ule, hatua 80 ni mita 60. Kisha urefu, nje ya mstari wa pembeni: hatua 120 ni mita 90, chini kabisa ya kinachoruhusiwa. Usibadilishe mwendo ukifika kwenye tope, hapo ndipo hesabu huharibika.

Mteremko nao unapimika. Jua urefu wa macho yako kutoka ardhini, tuseme mita 1.60. Simama nyuma ya goli la juu, weka simu yenye programu ya pimamaji usawa wa jicho, tazama goli la mbali. Mstari wa usawa ukigusa chini ya mtambaa panya wa kule (mita 2.44), ardhi ya kule iko sentimita 84 chini yako. Ukigusa nusu ya nguzo, yaani 1.22, wewe ndiye uliye chini, kwa sentimita 38. Umbali wa mita 100 unakuza kosa la mkono, pima mara tatu uchukue ya katikati.

Mteremko si aibu, wakuu. Sandygate ya Hallam FC kule Sheffield, Uingereza, waliocheza na Sheffield FC pale tarehe 26 Desemba 1860, inateremka kwa macho makavu na watu wanaivukia bahari.

---

Dakika_ya_89 (#9)

Kwa vile umetaja vya kuvukia bahari, vipo vitatu vya vijijini ambavyo kila mkusanyaji anavitaja, na vyote vina mtego mmoja: watu wanaenda kupiga picha, wanarudi bila mechi.

Gspon, Uswisi, kiwanja cha Ottmar Hitzfeld, karibu mita 2,000 juu ya bahari. Unapanda kwa gari la kamba, kiwanja ni nyasi bandia, kimezungushiwa nyavu mpira usiporomoke bondeni. Henningsvær, Lofoten, Norwei: kiwanja kimelala juu ya mwamba kisiwani, hakina majukwaa. Čierny Balog, Slovakia: reli nyembamba ya misitu inapita kati ya jukwaa na uwanja, na treni inaweza kukatiza mechi ikiendelea.

Kwa hicho cha mwisho lazima ulinganishe ratiba mbili, ya timu na ya treni. Kwa Gspon ratiba muhimu ni ya gari la kamba, la mwisho likishuka umelala juu.

---

Mgeni_Njoo (#10)

Daftari wakuu. Mnaandika nini?

---

Bi_Kipenga (#11)

Tarehe, shindano, timu, matokeo na ya mapumziko, wafungaji na dakika, idadi ya watu, hali ya kiwanja. Dakika weka za saa yako mwenyewe, ubao wa matokeo usiutegemee, mara nyingi haupo.

Idadi: hesabu dakika ya 20, waliochelewa wameshafika. Anzia pembe moja zunguka kwa macho kwa mafungu ya watano. Wachezaji wa akiba na makocha usiwahesabu. Rudia dakika ya 60, chukua kubwa.

Vikosi: usimfuate kocha kabla ya mechi, ana karatasi ya mwamuzi mkononi na kipa hajafika. Nenda kwa katibu wakati wa mapumziko, omba kupiga picha orodha. Linganisha na migongo, jezi namba 7 inaweza kuwa imevaliwa na asiyekuwa kwenye orodha kabisa.

Mambo mawili yanayochafua daftari la mtu aliyezoea mpira wa televisheni. Ngazi za chini zinaweza kuruhusu aliyetolewa kurudi tena, kwa hiyo usimkate jina, weka mshale. Na kuna kadi ya njano inayomtoa mchezaji kwa muda, dakika 10 kwenye mechi ya dakika 90. Ukimwona anatoka peke yake bila nyekundu, tazama saa kabla hujaandika.

Tena mshika kibendera mara nyingi ni mtu wa klabu, hata mchezaji wa akiba. Kazi yake huenda ni kuonyesha mpira umetoka basi, otea ni ya mwamuzi. Msimpigie kelele.

---

Kona_Kavu (#12)

Sasa lile swali la ugomvi. Mechi ikivunjika dakika ya 60, kiwanja kinahesabika?

---

Mtambaa_Panya (#13)

Kwangu hapana. Mechi kamili au hakuna. Sheria yenyewe inasema iliyovunjika hurudiwa, isipokuwa kanuni za shindano au waandaaji waseme vingine. Kama wao wanarudia, na wewe rudia.

---

Dakika_ya_89 (#14)

Napinga. Mtambaa panya ukivunjika na ukashindikana kutengenezwa, mwamuzi lazima avunje mechi. Mtu amekaa dakika 80, kosa lake nini? Mimi nahesabu kama matokeo yamesimama, sihesabu kama inarudiwa. Wasiohesabu 0-0 ndio siwaelewi kabisa, hao wanakusanya magoli, si viwanja.

---

Bi_Kipenga (#15)

Amua kanuni yako kabla ya msimu, iandike ukurasa wa kwanza wa daftari. Mnaobadilisha mkiwa njiani kurudi, tunawajua.

---

Kona_Kavu (#16)

Sawa. Na mechi ikihamishiwa kiwanja cha pembeni kwa sababu kikuu kimejaa maji? Geti lile lile, banda lile lile.

---

Chokaa_Mbichi (#17)

Magoli mengine, kiwanja kingine. Kiandike kwa jina lake ("cha pembeni, upande wa mto"), weka alama ya ramani katikati ya duara la katikati na si getini, na kikuu kiache wazi kwenye orodha. Kabla hujaondoka muulize katibu tarehe ya mechi ijayo pale kikuu, andika na jina la timu ngeni, maana ndiyo utakayoiuliza siku 7 kabla.